Wifi Aliyefunga Bila Kupokea

Wifi yangu Kalondu alikuwa akianza kufunga Jumamosi usiku, asile wala asinywe hata maji, ili Jumapili aende kanisani asipokee komunyo. Soma tena kama hukuelewa, hata mimi ilinichukua muda. Watu hufunga ili wapokee. Yeye alifunga, akashuka kilima kizima na tumbo tupu, akapiga magoti karibu na mlango, na wenzake walipokwenda mbele yeye akabaki pale pale ameinamisha kichwa. Misa ikiisha, anarudi nyumbani kula viazi vitamu vilivyolala.

Kalondu alikuwa Mkamba wa Miasenyi, kule kando ya barabara kuu, akaolewa na kaka yangu Silvanus huku kwetu juu, upande wa Ronge. Aliolewa kwa mila. Ng'ombe walitolewa wote, pombe ya mbangara ikanywewa mpaka wazee wakasahau njia za kwao, lakini kanisani hawakufika. Na sisi Wakatoliki unajua tulivyo: wazee wakishamaliza, Padre bado hajaanza. Mtu na mkewe ambao ndoa yao haijabarikiwa hawapokei. Wanakuja, wanaimba, wanatoa sadaka, sadaka yao haina shida yoyote, lakini kupokea hapana.

Siku hizo kigango chetu kilimwona Padre mara moja kwa mwezi. Alikuja na pikipiki kutoka misheni ya Bura, kanzu ameikunja kiunoni, vumbi limemfanya mwekundu kuliko alivyoumbwa. Jumapili nyingine tulisalishwa na katekista wetu, Mwandawiro. Misa ilikuwa imetoka juzi tu kwenye Kilatini ikaingia Kiswahili, na wengine wetu tulisikitika kidogo, maana kwenye Kilatini ungeweza kusinzia na jirani akadhani unasali. Halafu Padre akatutangazia kwamba kufunga kabla ya kupokea kumepunguzwa, sasa ni saa moja tu. Kanisa zima lilifurahi kimoyomoyo. Kalondu hakupunguza hata dakika.

"Wewe hupokei," nilimwambia siku moja tukiwa njiani. "Hata hiyo saa moja haikuhusu. Unafunga kwa nini?"

"Wifi, ukiambiwa mgeni anakuja na hujui siku, utamngoja huku unatafuna?"

"Mgeni mwenyewe amezuiwa mlangoni na mume wako."

"Basi siku akiachiliwa asinikute na makombo mdomoni."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayezungumza habari za mvua.

Tatizo lilikuwa Silvanus, nami nasema hivyo ingawa ni ndugu yangu wa tumbo moja. Hakuwa mpagani. Alibatizwa mdogo kule Bura na Jumapili alikuja kanisani, akikaa upande wa wanaume ambako angeweza kuangalia paa. Alikuwa fundi seremala, na kanisa lile lilikuwa kazi yake. Mabenchi alichonga yeye, mlango alichonga yeye, na kile kiuzio cha mvule mbele ya altare, ambacho watu hupigia magoti wakipokea, alikipiga randa siku nyingi mpaka ukipitisha kiganja unadhani ni shavu la mtoto. Kila Mkristo wa kigango alikuwa amewahi kupiga magoti pale isipokuwa fundi na mke wa fundi.

Ili ndoa ibarikiwe, walitakiwa wote wawili waende kwa katekista Jumamosi kadhaa, wafundishwe, wakariri sala na Amri, kisha Padre awaulize. Kalondu alikuwa anayajua yote. Alikuwa akiwafundisha watoto pale nyuma ya kanisa, kwa kunong'ona, na kwa kufinya inapobidi. Silvanus ndiye hakutaka kukanyaga kwa Mwandawiro, na sababu yake kila mtu kilimani aliijua. Ujanani Mwandawiro alijifunza useremala kwa Silvanus. Silvanus alikuwa fundi mkali. Ubao usiponyooka aliurudisha. Ukiletwa tena aliurudisha tena, na mbele ya wateja. Mwisho Mwandawiro akaweka randa chini, akaenda kusomea ukatekista.

"Mtu aliyeshindwa kunyoosha ubao," Silvanus alikuwa akisema, "ataninyoosha mimi?"

"Anayenyoosha si yeye, ni Mungu," Kalondu alimjibu.

"Basi Mungu aje mwenyewe. Ajue tu karakana hufungwa saa kumi na moja."

Kalondu hakugombana naye. Alimgeukia Mungu, na huko akawa msumbufu kuliko mwanamke yeyote niliyepata kumjua. Rozari kila jioni kwa nia hiyo moja, kwamba siku moja apige magoti kwenye mbao za mumewe, mumewe akiwa kando yake. Alipoona rozari haitoshi, akaanza kutoa vitu vyake kimoja kimoja. Kwanza aliacha sukari. Kisha akaacha ugoro. Mwanamke wa Kikamba kuacha ugoro si jambo la kuchekea, ingawa mimi nilicheka, na kopo lake nikalichukua mimi ili lisimtie majaribuni. Ilipofika Kwaresima akatandika mkeka chini, akamwachia mumewe kitanda chote.

Silvanus akaja kwangu kushtaki.

"Mable, zungumza na mwenzako. Mimi nilioa mke, nimebaki na sista."

"Si uende kwa Mwandawiro, kaka. Ni Jumamosi chache tu."

"Jumamosi chache za kuambiwa 'rudia, mzee'? Heri nilale peke yangu."

"Na baridi hii ya kilimani?"

"Nina blanketi," akasema, lakini uso ulisema blanketi halitoshi.

Mwaka mmoja Kalondu alimfuata Padre mwenyewe baada ya Misa, akamwuliza kama hakuna njia nyingine. Padre alikuwa mtu mwema, akafikiri, akamwambia njia iko: yeye na Silvanus wakiishi kama kaka na dada, anaweza kupokea. Kalondu akaja kwangu mbio.

"Wifi, wewe ndiye dada yake wa kweli. Kuishi na Silvanus kama dada ni kuishi vipi?"

"Utampikia, utamfulia, na hatakushukuru."

Akafikiri. "Basi tofauti iko wapi?"

Tulicheka mpaka tukashika ukuta. Lakini Silvanus alipoelezwa hakucheka. Alitoka nje, akapiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba kama kaki, na shauri hilo likaishia hapo. Ndipo Padre akamfundisha Kalondu komunyo ya tamaa, yaani kumkaribisha Bwana moyoni wakati mdomo hauruhusiwi. Ungemwona siku za Misa. Kengele ya mageuzo ikilia, Padre akiinua hostia, sisi wengine tunainama na tunawaza sufuria tulizoacha mekoni. Yeye alikuwa akiinua macho, mikono ameifungua juu ya mapaja, ametulia kama mtu anayesikiliza hatua za anayempenda uani. Watoto wakorofi waliokaa karibu naye walinyamaza bila kufinywa. Nilipokea mara nyingi maishani mwangu, lakini sikuwahi kuwa na uso ule.

Miaka ikaenda namna hiyo. Kisha ikaja masika moja ya mvua nyingi, wiki moja kabla ya Pasaka. Silvanus alikuwa ameshuka Voi kumwezekea mfanyabiashara mmoja duka. Mvua ikamnyeshea juu ya paa, naye kwa ubishi wake akamaliza mabati kwanza ndipo akashuka. Kichomi kikamshika huko huko. Sisi huku tulipopata habari kwamba anaumwa, lori la mboga lilikuwa tayari linapanda na mwili wake.

Tulimzika nyuma ya karakana. Mwandawiro ndiye aliyeongoza sala, maana Padre alizuiwa na mto. Nakumbuka sauti yake ilimkatikakatika, na nikawaza, kumbe alimpenda mzee licha ya zile mbao. Hakusema neno lolote zaidi ya yaliyo kitabuni, akaondoka bila kula.

Padre alipofika baada ya Pasaka, alikwenda moja kwa moja kwa Kalondu kumpa pole. Mimi nilikuwepo, nikimenya ndizi. Alisali naye, akakaa naye, kisha akamwambia kwa upole kwamba sasa hakuna tena kizuizi. Akitubu na kuungama, anaweza kupokea Jumapili hiyo hiyo.

Kalondu alimshukuru. Jumapili akashuka kanisani na tumbo tupu kama kawaida, akapiga magoti karibu na mlango kama kawaida, na watu walipokwenda mbele hakwenda. Padre alisimama na kikombe mkononi kitambo kizima, akitazama nyuma. Kisha akafunga kikombe.

Wanawake wa kigango wakapata la kusema. Eti anajifanya mtakatifu kuliko Padre. Eti amezoea kuhurumiwa. Mimi niliwajibu mmoja mmoja, kila mmoja kwa kiasi chake, lakini jioni nikaenda kumwuliza mwenyewe.

"Wifi, ulifunga miaka yote ile. Mlango umefunguliwa, unaogopa nini?"

Alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuacha.

"Padre amesema hakuna kizuizi," akasema. "Silvanus ndiye kizuizi. Miaka yote niliomba Mungu akiondoe kinachonizuia. Sikuomba amwondoe Silvanus. Lakini labda Mungu hakuona tofauti."

"Mungu si mwendawazimu, Kalondu."

"Sijasema hivyo. Nasema niliomba sana. Ningeomba kidogo, pengine mtu wangu angekuwa pale anapiga randa sasa hivi, mkaidi vile vile. Nikienda mbele kupokea, nitakuwa kama nimesema asante kwa kifo chake."

Nilimsaidia kupepeta, basi.

Miezi ikapita. Aliendelea kuja kanisani, lakini mikono yake haikufunguka tena juu ya mapaja. Aliishika kama mtu aliyeketi kwenye foleni ya kliniki. Kisha Jumapili moja asubuhi nilimpitia twende wote, nikamkuta jikoni anakunywa chai. Na sukari.

Nilisimama mlangoni.

"Na mgeni je?" nikamwuliza.

"Alishapita, wifi," akasema, akamimina kikombe cha pili.

Niliogopa kuliko siku ya mazishi. Mtu akikosana na watu, watu wapo, watapatanishwa. Kalondu alikuwa ameacha kungoja. Sikwenda naye kanisani siku hiyo. Nilikwenda peke yangu, nikamkuta Mwandawiro sakristia akipanga vitabu, na nikamwambia. Sikumwambia kwa ajili ya ushauri, maana tangu lini nikachukua ushauri kwa Mwandawiro. Nilimwambia kwa sababu kifua kilikuwa kimejaa na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

"Anaamini mumewe alikataa mpaka mwisho," nilisema, "na Mungu akachoka naye, akamkata kama mti wa njiani."

Mwandawiro aliweka vitabu chini. Akakaa kwenye sanduku la mishumaa, mtu mzima, akafunika uso kwa mikono.

"Silvanus hakukataa mpaka mwisho," akasema. "Alikuwa anakuja kwangu."

Baada ya ibada nilimshika mkono kama anayeshika mwizi wa kuku, nikampeleka kwa Kalondu. Tulimkuta uani. Nikampa Mwandawiro kigoda, nikamwambia Kalondu, "Huyu ana neno lako. Amelikalia tangu masika."

Mwandawiro alianza kuzungusha maneno, nikamkanyaga mguu, akanyooka.

"Mama, tangu baada ya Krismasi mzee alikuwa anakuja nyumbani kwangu jioni akitoka karakanani. Alibeba mguu wa kigoda, ili watu wakimwona wadhani tuna kazi. Ni ule ule mguu kila mara. Alitaka kujifunza. Alisema nisikuambie. Alitaka siku moja Padre aite majina ya wanaofunga ndoa, nawe usikie lako."

Ungo ulikuwa mikononi mwake, tupu.

"Padre alipokuja kabla ya Kwaresima, mzee alikuwa tayari. Sala zote alizijua. Amri za Mungu alizijua. Amri za Kanisa alijikwaa kidogo. Ningeweza kumpitisha. Padre mwenyewe asingemzuia, wangapi tumewapitisha na hawajui hata nusu. Nikamwambia, 'Rudia, mzee.' Akarudia. Nikamwambia, 'Bado haijanyooka.'"

Kuku alipita katikati yetu, na hakuna aliyemfukuza.

"Basi Padre akaondoka," akaendelea, "na Kwaresima ikaingia, na kwenye Kwaresima hatufungishi ndoa. Nikasema moyoni, si kitu, baada ya Pasaka. Mama, mzee alikuwa tayari. Mimi ndiye sikuwa tayari kumwachia."

"Alikasirika?" Kalondu akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Hapana. Hilo ndilo linaloniua. Alinitazama, akacheka kidogo, akasema, 'Sawa. Mbao zako nilizirudisha nyingi. Sasa ni zamu yangu.' Akachukua mguu wake wa kigoda akaenda."

"Alijikwaa wapi?"

"Wapi, mama?"

"Kwenye hizo Amri. Alikosea ipi?"

Mwandawiro alijipangusa pua. "Ile ya kushika sheria za ndoa. Kila akifika hapo anakohoa, anaiacha, anarudia ya zaka."

Kalondu alicheka. Hakukusudia, kilimtoka tu, kicheko kile cha zamani cha kushika ukuta, na mimi nikamfuata, na hata Mwandawiro akavuta mdomo, maskini, bila kujua kama anaruhusiwa. Kisha kicheko cha Kalondu kikageuka katikati. Aliinamia ungo, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu lori lile lipande kilima. Kwenye mazishi hakuwa amelia. Watu walidhani ni ujasiri.

Alipotulia, Mwandawiro akapiga magoti pale vumbini, akaomba msamaha.

"Inuka, utachafua suruali ya kanisa," Kalondu alimwambia. "Mwandawiro, wewe ulijifunza kwake. Ubao ulionyooka unajulikana kwa macho. Hukuhitaji kumpima tena na tena."

"Najua, mama."

"Nitakusamehe. Ni lazima, la sivyo Baba Yetu nitaisaliaje? Lakini si leo. Leo niachie nikukasirikie kidogo, maana miezi yote hii nilikuwa nimemkasirikia Mungu, na kumbe ni wewe."

Mwandawiro akaondoka. Tulibaki wawili uani, jua likitukausha.

"Alikuwa anakuja, wifi," akasema.

"Alikuwa anakuja."

"Na mguu wa kigoda."

"Hakuwahi kujua kudanganya, huyo. Hata utotoni."

Padre alipofika mwezi uliofuata, Kalondu alikaa kwenye kitubio mpaka tuliokuwa kwenye mstari tukaanza kuhesabu dhambi za wenzetu. Alitoka macho mekundu, akapita mabenchi ya nyuma bila kugeuka, akaja kukaa na mimi mbele. Midomo ilikuwa imekauka. Hakuwa ameonja maji tangu Jumamosi. Watu wakawa wanasukumana viwiko. Nilimgeukia yule aliyemwita mtakatifu kuliko Padre nikampa jicho moja, likamtosha.

Wakati ulipofika tulisimama pamoja. Kwenye kile kiuzio cha mvule, mimi nilipiga magoti kushoto kwa Kalondu. Kulia kwake, sijui nani aliwaambia watu, hakuna aliyepiga magoti, ingawa foleni ilikuwa ndefu. Padre akaja. "Mwili wa Kristo." Kalondu akajibu "Amina" kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje kivulini waliisikia, kisha akafunga macho, na nikaona mikono yake imefunguka.

Tulirudi kwenye benchi. Aliinamisha kichwa muda mrefu mpaka wimbo wa mwisho ukaisha, watu wakatoka, Mwandawiro akazima mishumaa. Sikumgusa.

Tukaanza kupanda kilima. Uso wake ulikuwa mzuri kuutazama, lakini macho yalikuwa mbali, kule kwenye bati la karakana.

"Umepokea," nilimwambia. "Mbona kama umepoteza kitu?"

"Nina furaha, wifi. Usidhani sina. Ila siku hii nilikuwa nimeipanga miaka mingi, na nilikuwa nimeipanga hivi: tunatoka kanisani, tunapanda hapa mimi na yeye, ananiuliza, 'Wewe ulisikia nini moyoni?' Nami nakataa kumwambia mpaka aseme yake kwanza. Naye hasemi. Tunafika nyumbani tunabishana." Akasimama kuvuta pumzi. "Sasa nitakataa kumwambia nani?"

"Nikatalie mimi."

Alinitazama, akatabasamu kidogo, akaendelea kupanda.

"Wewe hujui kuuliza," akasema. "Yeye alikuwa anauliza kama mtu asiyetaka kujua."